Walimtaka Getruda Ataje Jina

Mimi ni mtu wa hasira, na sijaomba mtu anisaidie kuziacha. Wako wenzangu ambao hasira zao ni moto wa mabua, zinawaka na kuzimika kabla sufuria haijachemka. Zangu ni za mavi ya ng'ombe makavu. Zinafuka polepole, na ukidhani zimezimika ukakanyaga, utajua mwenyewe.

Hizi ninazotaka kuzieleza zilianza mwaka themanini na tatu. Sabuni ilikuwa haionekani dukani mwaka huo, na mafuta ya taa uliyapata kwa kumjua mtu. Baba yangu, Isidori, alikufa kwa homa kijijini kwetu rasini, kando ya ziwa. Alikuwa muuza samaki wakavu. Aliwafunga kwenye baiskeli na kuwapeleka Bugwema kwa wakulima, akarudi na mahindi au unga wa muhogo. Udongo wa kaburi lake ulikuwa haujakaa sawasawa walipokuja wanaume wawili kutoka hukohuko Bugwema, wakamwambia mama kwamba marehemu ametajwa. Kuna mke wa mtu ameshindwa kujifungua mpaka alipokiri kuwa alilala na Isidori muuza samaki. Wao wamekuja kuchukua mbuzi wa kusafishia nyumba.

Huyo mke wa mtu ni Getruda, na ndiye ninayemwandika hapa. Watu wa Kitaji, mtaa wa Musoma mjini, wanamjua kwa harufu yake. Mimi nataka wamjue kwa mengine.

Kwa asiye wa kwetu, nieleze kidogo. Mtoto akigoma kutoka, wazee wetu wa kike hawakuuliza mtoto amelalaje tumboni. Waliuliza mama yake amelala na nani. Waliamini kwamba mwanamke akitoka nje ya ndoa, mtoto hapiti mpaka jina la yule mwanaume litamkwe kwa mdomo. Akilitaja, njia inafunguka. Asipolitaja, wanasubiri, na wakati wanasubiri hawampeleki popote, maana kwa akili zao hospitali haina dawa ya jina lililofichwa.

Getruda alizaliwa upande wa Butiama, akaolewa Bugwema na Felisian, mkulima wa pamba. Felisian alisifiwa kwa upole, na upole wenyewe ulikuwa wa kumwachia mama yake aamue kila kitu. Mimba ilikuwa ya kwanza. Uchungu ulimkuta Getruda akipalilia, akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Mama mkwe, jina lake Nyangi, akaita wanawake wenzake wawili. Siku ikaisha mtoto hajatoka. Kesho yake ndipo maswali yalipoanza.

"Taja, mwanangu, upumzike," Nyangi alimwambia.

"Sina wa kumtaja, mama."

"Unaye. Mtoto anamjua."

Gari la ng'ombe lilikuwepo uani. Ng'ombe wa kulivuta walikuwepo. Kulikuwa na mwanga wa kutosha na barabara ilikuwa kavu. Felisian alikaa nje ya nyumba akisikia mkewe akiulizwa amelala na nani, na badala ya kufunga ng'ombe, na yeye akawa anasubiri jibu. Nikifika hapa huwa natamani ningekuwepo, nimshike shati nimuulize alikuwa anasubiri asikie nini.

Mfa maji haachi kutapatapa. Getruda aliniambia kwamba akili ilikuwa inamjia na kumtoka, na ilipomjia alielewa jambo moja tu: bila jina, hatoki humo ndani. Akaanza kuwapitia wanaume aliowajua. Huyu ana mke, atapigwa. Huyu ni shemeji, atafukuzwa. Huyu ni kijana wa watu, hata hajaoa. Mwisho akamkumbuka muuza samaki aliyekuwa akipita na baiskeli, ambaye alisikia kwamba amefariki. Akaona marehemu hapigwi wala hafukuzwi. Akasema, "Isidori."

Wale wanawake wakamshukuru Mungu, ndipo wakaagiza ng'ombe wafungwe.

Hospitalini mtoto alitolewa akiwa ameshakufa. Bugwema wakasema mama yake alichelewa kutaja.

Rasini nako mambo yakachachuka. Mama yangu, Jenoveva, aliwakatalia wale wanaume mbuzi. Lakini baba mdogo, Makongoro, akaona aibu ya watu kubishana kwenye msiba, akatoa mbuzi wake mwenyewe ili maneno yaishe. Hayakuisha. Sasa kila mtu akauliza kama Isidori hakufanya, mbuzi katolewa wa nini. Lisemwalo lipo, wakasema, na tangu hapo hiyo methali nikiisikia nasimama naondoka. Baba yangu hakuwa na mdomo tena wa kujitetea, na walioishi naye miaka yote wakawaamini watu ambao hawakujua hata rangi ya baiskeli yake.

Aliyeniuma zaidi ni mama. Sisi ni Wakatoliki, na kwetu marehemu anaombewa misa, jina lake linasomwa kanisani watu wote wakisikia. Novemba, mwezi wa kuwaombea wafu, ilifika, majirani wakasomewa wafu wao mmoja mmoja, wa kwetu hakusomwa. Nikamuuliza mama kwa nini. Alikuwa anachambua dagaa, hakuinua uso.

"Waliokuwa wakimpokea Bugwema ndio wamwombee," alisema.

Miaka ikapita. Niliolewa Musoma mjini, na biashara zilipofunguliwa na marobota ya nguo za mitumba yakaanza kuingia, nikawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kutandika turubai Mwisenge. Watu waliokuwa wamevaa viraka miaka yote hiyo walizirukia zile nguo na kugombana juu ya makoti ambayo hata baridi yake hatuna. Lakini alikuwepo mwanamke mmoja aliyekuja kila baada ya muda na kuulizia kitu kimoja tu, shuka za pamba zilizochakaa. Hakuchagua rangi, wala hakujali zilizotoboka. Na alipokuja alisimama mahali ambapo upepo ungechukua harufu yake upande mwingine. Mwanzoni sikuelewa. Nilipoelewa nilishindwa hata kumpandishia bei.

Wateja wengine hawakuwa na haya. Mmoja aliziba pua na ukanda wa gauni alilokuwa analijaribu, akasema kwa sauti kwamba maji ya ziwa ni ya bure.

"Ndiyo nimetoka kuoga sasa hivi, dada," yule mwanamke akajibu.

Nililichukua lile gauni nikamwambia mteja yule akanunue kwa wengine. Mume wangu aliposikia alinicheka, akasema kwa tabia hiyo tutakula turubai.

Siku moja aliniuliza mimi ni wa wapi, nikamwambia rasini. Akauliza ni mtoto wa nani. Nikamwambia wa marehemu Isidori. Aliziweka chini shuka alizokuwa amezishika.

"Isidori wa samaki? Wa baiskeli?"

"Huyohuyo. Ulimjuaga?"

"Mimi ndiye Getruda wa Bugwema."

Nilizikwapua zile shuka kana kwamba ameziiba. Miaka yote nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya kumwambia mwanamke huyu nikimkuta, na siku hiyo nilipata swali moja tu. Nikamuuliza baba yangu alikuwa anaingia saa ngapi nyumbani kwake.

"Hajawahi kuingia," alisema. "Alikuwa anasimamaga uani, anahesabu samaki, anaondoka. Hata maji hakuwahi kunywa kwetu. Nilimtaja kwa sababu alikuwa ameshakufa."

Akanieleza yote niliyokwisha kuyasimulia hapa juu, amesimama palepale upande wake wa upepo, watu wakipita. Hakulia. Alipomaliza hakuomba msamaha wala hakuondoka, alisubiri nimfanye ninavyotaka. Siwezi kusema hasira ziliisha. Zilihama. Zilimwacha yeye, zikaenda Bugwema kwenye ile nyumba yenye gari la ng'ombe uani, na mpaka leo ziko huko. Nikamrudishia shuka zake.

Tangu siku hiyo tukawa tunatembeleana, na ndipo nilipojua maisha yake. Alipotoka hospitali mkojo ulikuwa unamtoka wenyewe, usiku na mchana, bila yeye kuhisi. Felisian alivumilia kidogo, kisha mama yake akaamua, Getruda akarudishwa Butiama. Kule wifi yake akawa anahesabu mikeka iliyooza. Ilikuwa bado miaka ile ya shida, sabuni hakuna, anafulia matambara yake kwa majivu na majani ya mpapai, na mapaja yamechubuka mpaka anatembea kwa kuchechemea. Akaona bora aende mahali asipojulikana. Alipanga chumba cha mwisho Kitaji, akatafuta kazi isiyohitaji kukaa na watu, akaipata: kuponda kokoto. Musoma mawe hayajawahi kuadimika, na wenye hela walikuwa wameanza kujenga. Alikaa juani na nyundo yake, peke yake, na matajiri waliokuja kununua walizungumza naye kutoka kwenye gari.

Daktari mmoja ndiye aliyemweleza ugonjwa wake, tena kwa kuchora. Kichwa cha mtoto kilikaa mahali pamoja muda mrefu mno, kikabana nyama za njia mpaka zikafa, pakabaki tundu. Alisema inaitwa fistula. Alisema pia kwamba angeletwa siku ile ya kwanza lisingekuwepo tundu, na huenda mtoto angekuwa anasoma shule. Getruda alinisimulia hayo kwa sauti ya kawaida huku akiponda. Mimi ndiye niliyerusha jiwe, likaenda kupiga bati la jirani.

Aliandikiwa kwenda Mwanza kupasuliwa. Nikampa shuka safi za kutosha, nikamsindikiza kupanda basi alfajiri. Walipofika Bunda abiria walikuwa wamechoka kuvumilia, wakamwambia konda ama ashuke yeye ama washuke wao. Akashushwa. Basi zima la watu waliobatizwa, nusu yao wana rozari shingoni. Alikaa Bunda mpaka alipopata lori la pamba lililokubali kumpakia nyuma, juu ya mizigo. Huko Mwanza walimshona, na kwa majuma machache alikuwa mkavu. Kisha ikaachia. Daktari akamwambia nyama zilizobaki ni chache, wanaweza kujaribu tena siku za mbele, lakini asiweke matumaini makubwa.

Mimi nilidhani atakaporudi atakuwa amemalizana na Mungu. Ningemwelewa kabisa, mimi mwenyewe nilikuwa karibu kumalizana naye kwa niaba yake. Badala yake alirudi akaanza kwenda kanisani kila Jumapili. Nikamfuata kwenye kokoto zake nikamuuliza ana nini.

"Kule ndani tulikuwa wanawake wanne," alisema. "Wale watatu hawakujua kama nina jina au sina. Mume wangu hakujua. Kulikuwa na Mmoja tu aliyejua kwamba sina, na kwamba ninalotaja ni la uongo."

"Na akanyamaza."

"Akanyamaza. Ndiyo maana namwendea yeye. Nikimlaumu mtu mwingine atanijibu kwamba nilifanya. Yeye hilo hawezi kuniambia."

Akaniambia anavyosali. Anaponda kokoto huku anamgombeza. Ulikuwepo, anamwambia. Ulikuwa unajua. Ulishindwa nini hata kumpa Nyangi usingizi, gari lifungwe? Mwaka mzima alisali hivyo, bila salamu na bila amina, akitarajia adhabu. Na katika kumgombeza huko akaona jambo ambalo hakulitegemea.

"Watu wote wananikimbiaga, Pelagia. Hata wewe ukikaa sana macho yanakutoka machozi, nakuona. Huyu nimemtukana mwaka mzima na hajaondoka. Nikianza asubuhi namkuta yuko. Sijui atanipa nini. Lakini siko peke yangu kwenye lile jambo, na mtu akijua hilo anaweza kuamka."

Nimesikia mahubiri mengi maishani, mengine kwa vipaza sauti vya kukodi. Hayo ya kwenye kokoto ndiyo pekee niliyoyaamini, na sikumwambia.

Kanisani sasa. Getruda hakuingia ndani. Alikuja na kiroba chake, akakitandika nje chini ya dirisha, akasikiliza misa kutoka hapo, jua na mvua. Hakuna aliyemfukuza kwa maneno, walimfungulia tu dirisha likawa wazi zaidi, wakajiona wana huruma. Ekaristi hakupewa. Katekista wetu, Renatus, alikuwa mtu wa Bugwema na habari zote alikuwa nazo. Padri alikuwa na vigango vingi, alikuja na kuondoka, na katika mambo ya waumini alimsikiliza Renatus. Na Renatus alisema mama huyu alikiri uzinzi mbele ya mashahidi, lakini kwenye kitubio hajawahi kuuungama. Auungame, apokee.

Nilikuwepo alipomwambia hivyo, nje ya kanisa baada ya misa.

"Niliwahi kukiri dhambi nisiyoifanya, Katekista," Getruda alimjibu. "Iliua jina la mtu. Sirudii tena."

"Unakataa kutubu?"

"Nakataa kudanganya."

Renatus akatikisa kichwa, akasema kiburi ndicho kinachomzuia asipone. Nilimwambia Renatus mambo ambayo mwanamke wa WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki, hatakiwi kumwambia katekista, na kwa ajili hiyo nilisimamishwa uimbaji. Getruda alikunja kiroba chake. Jumapili iliyofuata alikuwa palepale chini ya dirisha, na iliyofuata pia, bila Ekaristi, kwa miaka.

Kisha mama yangu akaugua. Moyo ulikuwa umechoka, miguu ikamvimba mpaka ngozi ikang'aa, tukamleta mjini akae kwangu Mwisenge awe karibu na hospitali. Ilikuwa ni kipindi ambacho hospitali za serikali zimeanza kuchangiwa, mgonjwa unakwenda na glavu zako na sindano zako, na ukisahau unarudi nazo kesho ukiwa hai.

Inabidi niseme jambo kuhusu mama. Mama alikuwa mkunga. Alizalisha karibu rasi nzima, mimi mwenyewe wanangu wawili alinizalisha yeye, na mikono yake ilikuwa mizuri. Na mtoto alipogoma, mama naye aliuliza jina. Nilishamwambia mara nyingi kwamba nimemwona Getruda na kwamba alimsingizia baba. Jibu lake lilikuwa lilelile.

"Mwanamke kwenye uchungu hadanganyi. Mimi nimezalisha, najua."

Nilijua kinachomfunga. Kama Getruda alitaja uongo, basi mama angelazimika kujiuliza kuhusu kila jina alilowahi kulisikia akiwa amepiga magoti kati ya miguu ya mtoto wa mtu. Ilikuwa nafuu kwake kuamini kwamba mumewe alikuwa mzinzi. Nilikuwa namwosha, namlisha, namgeuza, na moyoni nimemnunia.

Getruda aliposikia kwamba mama yuko kwangu, akaniambia anataka kuja kumwona. Nikamkataza. Nikamwambia mama ana moyo mbovu, na mimi nina hasira, na wewe una harufu, hatutafika mbali. Akacheka. Alhamisi ilikuwa zamu ya nyumba yangu kupokea sala ya jumuiya, na wakiwa wamekaa wote, akaja.

Hakuingia. Alikaa nje ya mlango, akafuata sala kutoka huko. Renatus ndiye aliyeongoza. Mama alikuwa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, miguu juu ya mto niliouzungushia nguo. Walipomaliza masomo na nia za kuombea, Renatus akauliza kama kuna mwenye neno.

"Ninalo," Getruda akasema kutoka nje.

"Kama ni toba, sema."

"Ni toba."

Watu wakageuka wote. Nikaona uso wa Renatus umelainika, maana alidhani hatimaye kashinda.

"Mama Jenoveva, shikamoo," Getruda alisema. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti, mikono nyuma. "Mimi ndiye niliyemtaja mume wako. Nilimsingizia. Nilichagua marehemu nikifikiri kwamba hataumia mtu, nikakusahau wewe uliyebaki. Hilo ndilo kosa langu. Nakuomba radhi mbele ya hawa wote."

"Na lile kosa lenyewe?" Renatus akauliza.

"Lile halipo, Katekista. Hili ndilo nililo nalo."

Mama hakumtazama Renatus. Alimtazama Getruda, akasema ile sentensi yake, kwamba mwanamke kwenye uchungu hadanganyi. Aliisema taratibu, kama mtu anayejaribu kama mguu unaweza kubeba uzito.

"Mimi nilidanganya, mama," Getruda akasema. "Niliambiwa gari halifungwi mpaka niseme."

"Na ulipotaja, njia ilifunguka?"

"Haikufunguka. Mtoto alitolewa na daktari, ameshakufa. Na mimi ndio hivi unavyonisikia kwa pua."

Mmoja alicheka kwa kutojua afanye nini. Mama akaanza kuvuta khanga yake, anaikunja upindo na kuukunjua.

"Wapo waliotaja na njia haikufunguka," alisema. Hakuwa anamwambia mtu yeyote. "Wapo. Tulikuwa tunasema wameficha jina la pili. Tulikuwa tunawarudia."

Mke wa jirani yangu, ambaye mama yangu aliwahi kumzalisha, alishika tumbo lake ingawa hakuwa na mimba.

"Yule mtoto wa Masatu," mama akasema. "Alitaja mpaka kaka wa mumewe. Yule kijana wakamfukuza kwao, na yeye binti akafa hapohapo, bado anatafuta mwingine wa kutaja."

Nilimkumbuka mtoto wa Masatu. Tulicheza naye. Nilikuwa nimeambiwa alikufa kwa uzazi, na nikaridhika na neno hilo, kwa sababu ndivyo tunavyosema, uzazi, kana kwamba ni mvua. Nilimtazama mama yangu, mama yangu mgonjwa, na hasira zilizokuwa Bugwema miaka yote zikaingia nyumbani kwangu, zikakaa. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtikisa mpaka meno yagongane. Sikufanya lolote.

Renatus akasema tufunge kwa sala. Akafunga, wakaitikia wachache. Walipoanza kutoka, mama akamwita.

"Katekista. Jumapili isomwe misa ya Isidori. Na jina mlisome vizuri wasikie."

"Ndiyo, mama."

"Na huyu binti akitaka kupokea, usimzuie tena. Kama kuna mtu wa kuzuiwa, nizuie mimi."

Renatus akatoka, na sikumwonea huruma. Tukabaki watatu. Getruda alikuwa bado kwenye kizingiti. Mama alikuwa analia sasa, bila sauti, machozi yanapita kwenye mikunjo ya uso na yeye hayafuti.

"Niombee, mwanangu," alimwambia. "Mimi nitaanzia wapi?"

Nilidhani Getruda atakubali. Mtu wa sala namna ile, aliyevumilia dirishani miaka yote, nilidhani ana msamaha wa kugawa kama pipi. Akafikiri kwanza.

"Leo siwezi, mama," alisema. "Nikikuombea leo nitakuwa nasema uongo mbele ya Mungu, na uongo nimeuacha. Nina hasira na wewe. Nilikuja kukuomba radhi, sikujua nitakukuta na wewe ni mmoja wao."

Mama akainamisha kichwa. "Basi nenda, mwanangu. Una haki."

"Siendi. Yeye nilimkasirikia mwaka mzima na hakuniacha. Na mimi nitakaa hapa na hasira zangu mpaka tuone."

Akavua ndala, akaingia ndani ya nyumba yangu kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Akakaa chini miguuni pa mama, akaubonyeza mguu mmoja kwa kidole kuona uvimbe umefikia wapi, kisha akanigeukia mimi na kuuliza maji ya moto ya kumkandia yako wapi.